UZI: Ukuaji unaosubiri hodi. Vijidudu vinavyomalizia kuujenga mwili wa mmea na wa mnyama

#1 Bi_Mwalimu_Sahare (mleta mada)

Wanajamvi, assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Uzi huu niliuahidi tangu tulipobishana kule kwenye jukwaa la kilimo, mtu aliposema mbegu nzuri inajitosheleza. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tanga mjini, na nina shamba dogo Pongwe. Nitaanzia shambani, maana jambo lenyewe nililiona huko kwa macho yangu, wembe ukiwa mkononi.

Shamba lile lina vipande viwili. Cha chini kimelimwa miaka yote. Mama mkwe amepanda kunde na mihogo pale tangu mume wangu yu mtoto. Cha juu kilipitishwa greda tulipotaka kujenga. Likakwangua udongo wote mweusi, likausukuma bondeni, na nyumba yenyewe haikujengwa. Masika iliyopita nikapanda choroko vipande vyote viwili: siku moja, mbegu za gunia moja, mvua ileile. Kufika wiki ya tano, za chini zimekoza kijani hata zinaelekea weusi. Za juu zimekuwa na rangi ya ndimu iliyoiva, fupi, majani ya chini yanapukutika.

Jirani akaniambia tia urea. Kabla sijatia nikataka kujua.

Ukitaka kuona nilichokiona, usivute mche kwa mkono, kitu chenyewe kitabaki ardhini. Chimba kwa jembe kuuzunguka, uinue na bonge lake, ulitose kwenye beseni la maji mpaka udongo uachie wenyewe. Mizizi ya kipande cha chini ilitoka na vinundu, vingine kama punje za ulezi, vingine kama za mtama, vimeshonana karibu na shina. Nikapasua kimoja kwa wembe. Ndani chekundu, wekundu wa damu ya samaki. Mizizi ya kipande cha juu ilikuwa mirefu, myeupe, mitupu. Katika miche sita nilipata vinundu viwili tu, na ndani vilikuwa vyeupe.

Wekundu ule ni wa leghimoglobini, ndugu wa himoglobini ya damu yetu. Kazi yake ni kuishika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo, kwa sababu kimeng'enya cha bakteria kinachoikamata naitrojeni ya hewani huharibika oksijeni ikizidi. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, na choroko peke yake haiwezi kuila hata chembe. Bakteria waliomo kinunduni wanaweza. Wao wanaipa naitrojeni, yenyewe inawapa sukari.

Hadi hapo ni somo la kidato. Ninapotaka tukae ni hapa: kinundu kile ni kiungo cha mmea, kama jani au ua. Kina mishipa yake, kina ganda lake, kina vyumba. Lakini panda choroko kwenye mchanga uliochemshwa ukauawa kila kilichomo, umwagilie maji safi, haitaota kinundu kama vile mpaka ife. Ramani ya kukijenga imo ndani ya mbegu. Fundi haanzi kazi mpaka mgeni apige hodi.

Na hodi hiyo ina maneno yake. Mzizi wenye njaa ya naitrojeni humwaga kwenye udongo kemikali ziitwazo flavonoidi. Bakteria wa jamii ya rizobia wakizihisi, hujibu kwa kemikali ya kwao. Mwaka 1990 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walitambua kemikali hiyo imeundwaje: ni mnyororo mfupi wa sukari za jamii ya kaitini, ileile ya magamba ya kamba na kaa, wenye mkia wa mafuta. Kiasi kidogo mno kinatosha. Unywele wa mzizi ukiipata hujikunja kama kidole kinachomwita mtu, humbana bakteria kwenye kona, kisha humfungulia ujia mwembamba wa kuingilia. Wakati huohuo, ndani ya mzizi, seli zilizokwisha acha kugawanyika huanza kugawanyika upya. Chumba kinajengwa mgeni akiwa bado barazani.

Mjerumani Hermann Hellriegel ndiye aliyeonyesha mwaka 1886 kwamba jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vya vinunduni, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Tangu siku nilipopasua kile kinundu, somo la ukuaji silifundishi tena kama zamani. Tumezoea kusema mbegu au yai lina kila kitu, ni kusubiri maji na joto tu. Kumbe kuna viumbe, na ni wengi, ambao ukuaji wao hufika mahali ukasimama ukimsubiri kiumbe mwingine. Nitaleta mifano. Wenye ya kwenu leteni pia.

#2 Mkulima_Muheza

Shikamoo mwalimu. Umenigusa penyewe. Mimi huwa natia urea kwenye choroko kila masika na zinakuwa kijani kweli, ila nikizing'oa sioni hivyo vinundu. Je, urea inawaua? Na zile pakiti za bakteria wa kuchanganya na mbegu zinafaa?

#3 Bi_Mwalimu_Sahare

Marahaba baba.

Urea haiwaui. Mmea ulioshiba naitrojeni hauiti mtu. Huacha kufungua mlango, na hata vinundu vilivyokwisha anza hudumaa. Kulea bakteria ni gharama, mmea huwalipa sukari iliyotengenezwa kwa jasho la majani, kwa hiyo ukipata cha bure mfukoni mwako unaona heri ufunge mlango. Wewe unalipia dukani kile ambacho choroko ingepata hewani.

Pakiti zinafaa zikiwa hai. Mwaka juzi nilinunua moja kwenye duka moja la pembejeo, imepangwa dirishani inapigwa na jua la mchana. Nilichanganya na mbegu kama ilivyoandikwa, sikupata kitu. Mle ndani ni viumbe, joto linawaua. Uliza imehifadhiwa wapi na angalia tarehe. Tena uliza ni ya zao gani: kunde, choroko, karanga, njugumawe na mbaazi huelewana na kundi moja la bakteria, lakini soya ina wa kwake na maharage yana wa kwake. Hodi ya mmoja mwingine haielewi.

#4 DeepSea_Mvuvi

Mwalimu hayo ya nchi kavu. Sisi wa majini tunayo?

#5 Bi_Mwalimu_Sahare

Mnayo, na pengine ndiyo yaliyochunguzwa kwa undani kuliko yote. Lazima niende mbali kidogo, mpaka visiwa vya Hawaii, halafu nitarudi kwetu.

Kule yupo ngisi mdogo wa kuenea kiganjani, jina lake la kitaalamu *Euprymna scolopes*. Mchana hujifukia mchangani, usiku hutoka kuwinda. Ngisi akiwa juu na mbalamwezi inawaka, kivuli chake kinamchongea kwa samaki walio chini. Huyu anayo taa tumboni. Huiwasha kuelekea chini kwa mwanga unaolingana na wa mwezi, na kivuli kinafutika. Taa hiyo ni bakteria, *Vibrio fischeri*, waliojaa kwenye kiungo maalumu.

Ngisi mchanga huanguliwa bila bakteria hata mmoja. Taa yake haina moto. Ila kila upande wa taa kuna mikono miwili midogo yenye vinyweleo vinavyopepea majini, kazi yake kuwavuta bakteria kutoka baharini na kuwaelekeza kwenye vitundu vya kuingilia. Baharini bakteria ni wa kila namna, wengi wao si hawa, na mwisho huingia hawa tu. Wakishaingia, linatokea jambo la ajabu: ile mikono, iliyokwisha kazi, huanza kufa. Ndani ya siku nne au tano hivi imepotea, na taa imechukua umbo la utu uzima. Ngisi aliyelelewa kwenye maji yasiyo na bakteria hao hubaki na mikono yake, inapepea tu, ikimsubiri asiyekuja.

Margaret McFall-Ngai na mwenzake Edward Ruby wameyafuatilia haya kwa miongo kadhaa. Waligundua kwamba ukimpa ngisi bakteria kwa saa kumi na mbili hivi, kisha ukawaua kwa dawa, mikono itaendelea kunyauka vilevile. Ujumbe ukishapokelewa haurudishwi. Na kila alfajiri ngisi mkubwa hutema karibu asilimia 95 ya bakteria wake, waliobaki huzaana mchana, usiku ukiingia taa imejaa tena.

Naomba sasa nikuulize wewe mvuvi: konyeza wanaolala chali umewahi kuwaona?

#6 DeepSea_Mvuvi

Nimewaona sana, kule kwenye mikoko upande wa Kigombe, maji yakiwa ya magotini. Wanalala chini chali, minyiri juu, rangi ya kahawia kama majani makavu. Ukikanyaga maji jirani yao tu ngozi inawasha. Siku zote nilidhani wanakufa.

#7 Bi_Mwalimu_Sahare

Wazima kabisa hao, wanaota jua. Ukahawia wao ni mwani mdogo sana unaoishi ndani ya miili yao na kuwapa chakula. Konyeza huyu, *Cassiopea*, huanza maisha kama kimche kidogo cha milimita chache kilichoshika jani au jiwe. Kimche hicho kinaweza kula, kinaweza hata kuzaa vimche wenzake. Kugeuka konyeza hakiwezi mpaka mwani uingie ndani yake. Mlango wa utu uzima ufunguo wake anao mwingine.

Matumbawe yenu nayo ni hivyohivyo. Aina nyingi huanza maisha bila mwani, huuokota baharini zikiwa changa. Mwaka 1998, joto la Bahari ya Hindi lilipopanda, matumbawe yaliutema mwani wake na kupauka, hata ya pwani yetu. Waliokuwa wakivua wakati ule wanakumbuka miamba ilivyokuwa myeupe kama iliyopakwa chokaa.

#8 Kijana_Chumbageni

Mwalimu kwa heshima zote. Toka darasa la kwanza tumefundishwa vijidudu ni maradhi. Nawa mikono, chemsha maji, piga dawa choo. Kipindupindu tumekiona. Leo unasema vijidudu ndivyo vinavyotukuza. Kuna mtu atasoma hapa aache kuchemsha maji ya mtoto.

#9 Bi_Mwalimu_Sahare

Swali lako ni la haki, na jibu langu la kwanza ni hili: chemsheni maji, naweni mikono. Kipindupindu ni cha jamii ileile ya *Vibrio* kama bakteria wa taa ya ngisi. Ukoo mmoja: mmoja anawasha taa, mwingine anaua mtoto kwa kuharisha. Ukoo hauhukumiwi wote kwa jina.

Lakini nakupa na jambo lililonikosesha usingizi nilipolisoma. Mwaka 2004 kundi la McFall-Ngai lilitambua ni kitu gani cha bakteria kinachoiambia ile mikono ya ngisi ife. Ni kipande cha ukuta wa bakteria, wenyewe huudondosha wanapokua. Kipande hichohicho, molekuli ileile, kilikuwa kinajulikana tayari: ndicho kinachoharibu seli zenye vinyweleo kwenye koo la hewa la mtoto mwenye kifaduro. Vinyweleo vya kusukuma makohozi vikifa, mtoto anakohoa mpaka anaishiwa pumzi. Kwa mtoto wetu ni sumu. Kwa ngisi ni taarifa kwamba mgeni amefika, vunja jukwaa la mapokezi. Molekuli haina wema wala ubaya wake peke yake. Inategemea imefika mwili gani, wakati gani, na mwili huo umejiandaaje.

Kwa wanyama wa jamii yetu, jaribio maarufu ni la panya waliozaliwa na kulelewa bila kijidudu chochote, hewa imechujwa, chakula kimetakaswa. Wanaishi. Ila ule mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana hufura kupita kiasi, tezi za kinga za utumboni hubaki ndogo, na mishipa midogo ya damu kwenye kuta za utumbo haikamiliki. Maabara ya Jeffrey Gordon, Marekani, ilionyesha mwaka 2002 kwamba ukiwapa panya hao wakubwa bakteria wa kawaida wa utumbo, mishipa ile inakamilika ndani ya siku kumi. Ujenzi ulikuwa umesimama, haukuwa umeshindikana.

#10 Nesi_Ngamiani

Mwalimu umefika kwangu sasa. Mimi nipo wodi ya wazazi mwaka wa kumi na nne, naomba niseme na akina mama walio humu.

Maziwa ya mama yana sukari za aina mia mbili hivi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Baada ya sukari ya kawaida ya maziwa na mafuta, hizo ndizo nyingi kuliko kitu kingine kisicho maji. Zamani watu walijiuliza mama anapoteza nguvu zake kutengeneza chakula mtoto asichokila kwa nini. Walaji wake ni bakteria wa utumbo wa mtoto, hasa bifidobakteria, ambao Mfaransa Henry Tissier aliwapata mwaka 1899 kwenye kinyesi cha watoto wanaonyonya. Mama anapomnyonyesha mtoto mmoja, ananyonyesha na wageni wake. Nao wakishiba hutoa asidi inayowazuia wabaya wasijenge.

Ninachokiona wodini kinaniuma. Dang'a inakamuliwa na kumwagwa kwa sababu ni ya njano, ati chafu. Bibi anakuja na kijiko cha asali au maji ya sukari, mtoto hajatimiza hata siku. Mama zangu, dang'a ina kinga, na tumbo la kichanga ndiyo kwanza linapokea wageni wake wa kwanza. Nani ataingia mwanzo ni jambo zito. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji ya kunywa hayahitajiki.

Na kwa waliojifungua kwa upasuaji: watoto wao huanza na bakteria tofauti kidogo, wanaofanana zaidi na wa ngozi kuliko wa njia ya uzazi. Hilo lisimtie mama yeyote simanzi. Upasuaji unaokoa maisha, mimi mwenyewe nimemshuhudia zaidi ya mmoja akiokoka. Mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi mapema iwezekanavyo, umnyonyeshe.

#11 Bint_Makorora

Dada Nesi Mungu akubariki. Mie wa kwanza nilimwaga dang'a yote, niliambiwa hivyo na wakubwa. Wa pili inshallah simwagi.

#12 Mfugaji_Amboni

Niongezee la ng'ombe, maana Tanga ni mkoa wa maziwa na watu wanaharibu ndama.

Ndama akizaliwa tumbo lake kubwa la kwanza, lile la majani, ni dogo na ukuta wake ni laini. Maziwa hayapiti humo, yana mfereji wake wa kwenda moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Nendeni buchani mkaombe kuangalia. Tumbo la ng'ombe mkubwa ndani lina vinyama vimesimama kama taulo, wapishi wa supu mnalijua. La ndama anayenyonya tu ni karibu na tambarare. Vile vinyama havisimami kwa umri peke yake. Ndama akianza kutafuna nyasi na pumba, bakteria wanaingia, wanachachusha, wanatoa asidi, na asidi hizo, hasa ya butiriki, ndizo zinazoziamsha kuta. Mwisho tumbo hilo linachukua kama asilimia 80 ya matumbo yote manne.

Kwa hiyo anayemnyima ndama nyasi na chakula kikavu miezi miwili mitatu ati bado mchanga, anaweka maziwa tu, anapata ndama mnene mwenye tumbo la kitoto. Siku ya kumwachisha ananyong'onyea. Mimi siku ya saba naweka kiganja cha pumba na maji safi, na namwacha karibu na mama yake akicheua, apate mate yake.

#13 Mzee_MajaniMapana

Vijana wangu hamjambo. Nimesoma yote kwa miwani.

Tanga hii imewahi kuwa na kazi iliyojulikana dunia nzima na wengi wenu hamkuzaliwa. Hapa kwetu walifugwa mbung'o kwa mamilioni. Madume yalipigwa mionzi yakawa hayazalishi, yakapakiwa kwenye ndege mpaka Unguja, yakamwagwa toka angani. Jike wa porini akipandwa na dume lile hazai. Kazi ya kuwamwaga ilianza mwaka 1994, mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa 1996, mwaka 1997 Unguja ikatangazwa safi. Madume yaliyomwagwa yalizidi milioni 8. Ugonjwa wa nagana uliokuwa unamaliza ng'ombe ukaisha kule.

Nilifanya kazi ya mikono huko, kulisha. Mbung'o hula damu tu, dume na jike. Tunamwaga damu kwenye sinia, juu utando wa mpira, vizimba vya inzi vinawekwa juu yake, wanachoma kupitia utando. Ukikaribia unasikia mlio mmoja mwembamba wa maelfu.

Tulichofundishwa ni kwamba mbung'o hatagi mayai kama nzi wa jikoni. Anabeba buu mmoja tumboni, anamnyonyesha humohumo kwa maziwa ya tezi zake, anamzaa akiwa mkubwa, na buu anajifukia mchangani kuwa pupa. Mwalimu atueleze kama hao nao wana mgeni.

#14 Bi_Mwalimu_Sahare

Shikamoo mzee wangu. Umenipa heshima kuandika hapa.

Wanaye. Anaitwa *Wigglesworthia*, anaishi kwenye seli maalumu za utumbo wa mbung'o. Damu ni chakula kizito lakini ni maskini wa vitamini za kundi B, na bakteria huyu huzitengeneza. Jike akimpoteza, anakuwa tasa. Na anavyompitisha kwa mtoto ni kwa yale maziwa uliyoyataja: mgeni anaingia na lishe.

Kuna zaidi. Watafiti walifanya mbinu mabuu yakue tumboni bila *Wigglesworthia*, majike yakilishwa dawa na chachu ya kufidia. Watoto walitoka, wakakua, kwa macho hawana kasoro. Lakini kinga yao ilikuwa mbovu, chembe za damu za ulinzi zilikuwa chache mno, na bakteria ambao mbung'o wa kawaida huwastahimili waliwaua. Ilitangazwa mwaka 2011. Mgeni alitakiwa awepo wakati mwili unajengwa.

Viluwiluwi vya mbu nao. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba mayai ya mbu yakitakaswa, viluwiluwi vikawekwa kwenye maji yasiyo na bakteria hai, chakula tele, vinabaki kwenye hatua ya kwanza mpaka vinakufa. Ukirudisha bakteria hai vinakua.

#15 Mpangani_Halisi

Kama mgeni akiondoka mwenyeji anakuwa tasa, si tuwafukuzie maadui zetu wageni wao? Nauliza kwa sababu kwetu Pangani matende na mabusha tumeyaona vizazi. Babu yangu alikufa na mguu kama kinu, watoto tukikatazwa kumcheka.

#16 Bi_Mwalimu_Sahare

Ndugu yangu, nilikuwa nimeliweka hili la mwisho, na wewe umelitoa kwenye ulimi wangu. Jibu ni ndiyo, na limepatikana kwenu.

Minyoo ya matende, *Wuchereria bancrofti*, huenezwa na mbu, na wakubwa wao hukaa miaka kwenye mishipa ya maji ya mwili. Ndani ya mnyoo kuna bakteria, *Wolbachia*. Bila yeye jike la mnyoo haliwezi kukuza viinitete vyake, na mnyoo wenyewe hauishi. Sasa bakteria anauawa na antibaiotiki ya kawaida, doksisaiklini, ambayo kwa mnyoo wenyewe si sumu.

Wanaume 72 wa kijiji cha Kimang'a, Pangani, walishiriki jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la *Lancet*. Wengine walipewa doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki nane, wengine vidonge visivyo na dawa, na si mgonjwa si mpimaji aliyejua nani kapata nini. Miezi 14 baada ya kuanza wakapigwa picha za mawimbi ya sauti. Mnyoo mzima huonekana ukicheza ndani ya mshipa. Kati ya 27 waliopimwa wa kila upande, wenye minyoo inayocheza walikuwa 24 kwa waliokosa dawa, na 6 kwa walioipata.

Jina la Kimang'a linasomwa na madaktari ambao Pangani hawataiona maishani. Wazee wale walimeza vidonge siku hamsini na sita mfululizo. Naomba tuwakumbuke.

Nawasihi lakini, mtu asikimbilie duka la dawa. Doksisaiklini haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo, na kozi ya wiki nyingi hiyo inataka daktari. Kingatiba zinazogawiwa mitaani ni ivermektini na albendazoli, mezeni zikija.

#17 Mkulima_Muheza

Mwalimu, umetuzungusha dunia, turudishe Pongwe. Choroko za juu uliziacha zife?

#18 Bi_Mwalimu_Sahare

Zilikufa nusu, nyingine zikatoa maganda ya kuhesabu.

Nikamweleza mama mkwe habari yote, flavonoidi na Toulouse. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchicha, halafu akasema kwamba bibi yake alipofungua shamba jipya la kunde alibeba udongo wa shamba la zamani kwa kikapu na kuunyunyiza, akisema shamba jipya lionjeshwe la kale. Nimekaa naye miaka kumi na tisa sikuwahi kumuuliza.

Vuli hii nimebeba madebe manane toka kipande cha chini, asubuhi mapema jua halijachoma, nikamwaga kwenye mashimo ya mbegu kiganja kimoja kimoja, nikafukia papo hapo. Nikatia na samadi kidogo maana udongo ule umekwanguliwa kila kitu, bakteria peke yao hawatoshi. Jana ilikuwa wiki ya tano. Nilichimba miche minne: mitatu ina vinundu, na nilivyopasua ndani ni vyekundu. Mmoja mtupu.

#19 Mkulima_Muheza

Nina jaruba la chini halijawahi kuwekwa kunde. Udongo nichukue popote tu?

#20 Bi_Mwalimu_Sahare

Hapana baba. Chukua kwenye kunde au choroko zilizokuwa na afya, kwa sababu udongo unabeba na maradhi na minyoo ya mizizi vilevile. Kwanza chimba miche mitano pale, ioshe, ipasue. Ukikuta wekundu, beba. Ukikuta mizizi imevimba yenyewe kama tangawizi, vinundu having'oki kwa ukucha, hiyo ni minyoo, usiguse. Na urea msimu huo uiache dukani.